Mtaa mmoja, baa tatu: namna ya kuzunguka baa za uswahilini Dar es Salaam

Kosa la kwanza la mgeni wa baa za Dar ni kutaka kuzimaliza zote usiku mmoja. Anaanzia Sinza, anakimbilia Tabata kwa sababu kasikia kuna kitimoto (nyama ya nguruwe) cha maana, saa 6 usiku yuko Mikocheni anatafuta kiti, na nusu ya hela yake imeishia kwa bajaji. Baa ya mtaani inataka ukae mpaka mhudumu ajue unakunywa nini na mchoma nyama ajue unapenda iive vipi. Kwa hiyo mpango wa mwongozo huu ni mfupi: usiku mmoja, mtaa mmoja, baa tatu, na zote tatu ziwe za kufikika kwa miguu.

Majina ya baa hatutayataja. Baa ya Dar inaweza kubadili jina, mpangaji na mpishi kabla masika mbili hazijapita, halafu msomaji akafika akakuta duka la simu. Tunafundisha kuitambua.

Jua unaingia wapi

Kuna grosari, kuna baa, kuna kilabu cha pombe za kienyeji, na kuna lounji. Grosari kwa jina ni duka la vinywaji. Kwa matumizi ni fremu moja yenye friji mbili, viti vya plastiki barazani, na jiko la chipsi au la kitimoto pembeni. Wateja wake ni watu wa mtaa uleule, wengine wamekuja na kandambili. Bei huwa chini na mara nyingi hufungwa mapema.

Baa ina kaunta, mara nyingi yenye nondo (usiogope, zinalinda hela na chupa za pombe kali, hazikuhusu), ina wahudumu, televisheni, jiko au bucha lake, na ua wa nyuma wenye makuti au mwembe. Lounji ni viti vya sofa, didjei na taa za buluu, na bei hupanda kwa kadiri sofa inavyolainika. Kilabu tutakifikia baadaye.

Mpangilio mzuri ni huu: grosari saa 11 jioni kwa bia moja na kusikiliza mtaa, baa yenye jiko saa 1 usiku kwa chakula, halafu ya tatu yenye muziki kama miguu bado ina nguvu. Ukigeuza, yaani ukaanza na muziki, utakula saa 5 usiku nyama iliyobaki.

Chagua mtaa kwa kuangalia usafiri wa kurudi

Usafiri wa kwenda ni rahisi kutoka popote. Wa kurudi ndio unaotesa, kwa hiyo upange huo kwanza.

Sinza ndiyo shule nzuri kwa anayeanza. Panda basi la mwendokasi la barabara ya Morogoro, shuka kituo cha Shekilango, ingia barabara ya Shekilango kwa bajaji au kwa miguu. Kuanzia hapo hadi Bamaga baa na grosari zimefuatana, na maeneo kama Sinza Mori na Afrika Sana yana sehemu za kutosha kukaa tatu bila kuvuka mtaa wa pili. Barabara ina watu na taa hadi usiku.

Kinondoni inafikika kwa mwendokasi unaopita barabara ya Kawawa kwenda kituo cha Morocco. Baa zake nyingi zimejificha ndani ya mitaa, si barabarani, kwa hiyo uliza kwa muuza chipsi au dereva wa bodaboda wa kijiweni: "Kaka, hapa wanaochoma vizuri ni wapi?" Usiulize "baa nzuri ni ipi", maana atakupeleka yenye taa nyingi. Tabata, kuanzia Bima kuelekea Segerea, ni ya wanaopenda kula zaidi ya kucheza. Temeke na Chang'ombe zina wazee wanaojua muziki wa dansi, na hapo ukikosea kutaja mwimbaji utasahihishwa na meza tatu kwa pamoja.

Masaki na Oysterbay ni habari nyingine. Menyu imeandikwa, kadi ya benki inapokelewa, bia ni ileile ila bei si ileile.

Kigamboni ina raha yake ya upepo wa bahari, lakini kumbuka kuna maji katikati. Pantoni ya Magogoni huwa na foleni, na usiku safari hupungua. Ukikosa pantoni unazunguka kwa daraja la Nyerere, na nauli ya usiku itakukumbusha umbali huo.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, angalia mbingu kabla ya kutoka. Bonde la Jangwani likijaa maji barabara ya Morogoro hufungwa, mwendokasi husimama, na aliyekaa Sinza huku analala Ilala anakuwa mgeni wa baa mpaka asubuhi.

Siku na saa

Jumanne na Jumatano ndizo siku za kujifunza baa. Mhudumu ana muda wa kuongea, jiko haliko mbioni, na kiti unachagua. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ni kinyume chake: mishahara imeingia, meza zimeunganishwa, na oda ya nyama inaweza kuchukua saa mbili. Katikati ya mwezi, vyuma vikikaza, hata baa kubwa hutulia.

Siku ya Simba na Yanga fika angalau saa moja na nusu kabla ya mpira kuanza, na angalia kwanza umevaa nini. Baa nyingi zina upande: ukuta wa kijani na njano haujapakwa kwa bahati mbaya. Shati jekundu ndani ya baa ya Yanga halikuletei ngumi kwa kawaida, ila utalipa kwa maneno dakika zote tisini.

Mwezi wa Ramadhani baa nyingi huendelea kufanya kazi, lakini mchana kaa ndani, si barazani. Baadhi ya majiko hufungwa mpaka jioni.

Hela

Beba noti za 2,000 na 5,000, na za 10,000 chache. Ukitoa 10,000 kwa bia moja saa 11 jioni utaambiwa chenji haipo, na chenji isiyokuwepo ina tabia ya kusahaulika. Baa nyingi zina Lipa Namba, namba ya biashara ya kulipia kwa simu. Kabla hujathibitisha, soma jina linalotokea kwenye simu na umwonyeshe mhudumu. Namba binafsi ya mhudumu si Lipa Namba ya baa, na ukilipa huko kaunta inaweza kukudai upya.

Uliza bei ya bia kabla ya kufunguliwa, hata kama ulikuja mwezi uliopita. Ushuru wa vileo hupitiwa kwenye bajeti inayosomwa Juni na mabadiliko huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo bei ya Juni usiitetee Agosti. Meza yenye didjei nayo inaweza kuwa na bei yake, tofauti na ya barazani, ndani ya baa hiyohiyo.

Kuketi

Ingia, salimia meza unayoipita, halafu nenda choo kabla ya kuketi. Choo ndicho kinakwambia jikoni kukoje. Kama hakuna maji ya kunawa huko, uwezekano ni mdogo kwamba kachumbari imeoshwa, na hapo kunywa bia moja uondoke.

Kabla ya kuvuta kiti, uliza: "Samahani mkuu, hapa pana mtu?" Baa ya mtaa ina viti vya wenyewe. Mzee anayekaa kila siku chini ya feni hiyo anaweza asiseme kitu, ila mhudumu atakuja kukuhamisha, na kuhamishwa kunatia aibu kuliko kuuliza. Wazee wape shikamoo hata kama wana bia mkononi. Mwenye baa akiwa mama, ni "mama". Mhudumu ni "dada" au "kaka" mpaka ujue jina lake, ukilijua ulitumie. Kumwita kwa kupiga mluzi au kugonga chupa mezani utaona wengi wanafanya. Utaona pia wanavyocheleweshwa.

Kiti kizuri kinaona kaunta na mlango, hakiko chini ya spika, na hakiko ukingoni mwa barabara. Ukingoni kuna vishandu, wezi wa pikipiki wanaonyakua simu na mkoba bila hata kusimama. Simu haikai mezani. Na usipige picha za watu. Baadhi ya waliokaa hapo wako kikaoni, kwa mujibu wa walivyowaambia nyumbani.

Agiza chakula kabla ya bia ya kwanza

Hapa ndipo usiku wa wengi huharibika. Mtu hunywa tatu, njaa inauma, anaagiza nyama, anaambiwa subiri, anaongeza mbili za kusubiria. Nyama ikija hana tena ladha mdomoni. Mbuzi wa kuchoma anataka dakika 45 hadi 60, kitimoto dakika 30 hadi 40, chipsi mayai robo saa hivi. Mishikaki ndiyo ya haraka, maana huwa iko jikoni tayari.

Nenda mwenyewe bucha au jikoni. Hilo si utovu wa adabu, ndiyo desturi. Onyeshwa kipande, kipimwe mbele yako, uliza bei ya kilo na kama ndizi na kachumbari zimo au zinahesabiwa pembeni. Kilo hupimwa mbichi. Motoni nyama hupoteza karibu theluthi moja ya uzito, hivyo kilo moja itakufikia mezani ikiwa na gramu 650 hadi 700, na kwa mbuzi sehemu isiyo ndogo ya hizo ni mfupa. Kwa watu wawili wenye njaa chukua kilo moja. Watatu, kilo moja na nusu pamoja na ndizi choma au ugali. Mbavu ni tamu ila hazishibishi. Mguu una nyama zaidi, ila mwambie mchomaji auchane ili moto ufike ndani.

Makosa ya jikoni ni mawili. La kwanza ni moto mkali: nje kumeungua, ndani kuna damu. Sababu ni haraka ya mteja, kwa hiyo usimtume mhudumu kila dakika tano. La pili ni nyama iliyochomwa mchana na kupashwa usiku. Hiyo utaijua kwa ukavu wake na kwa kasi yake: ukiagiza mbuzi ukapewa baada ya dakika kumi, huyo hakuchomwa kwa ajili yako.

Kitimoto kina masharti yake. Kiive kabisa, bila uwekundu ndani, kwa sababu nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuwa na tegu. Ukiona punje nyeupe kama za mchele ndani ya nyama mbichi, kataa hapohapo. Agiza "kavu" kama unataka cha kukaanga, "rosti" kama unataka chenye mchuzi wa nyanya na vitunguu. Limau na pilipili viombe pembeni. Na kabla ya kuagiza kwa meza nzima, uliza nani anakula. Dar ni mji wa Waislamu wengi, pamoja na waliokuja kunywa soda na rafiki zao. Baa zinazojali huwa na sufuria na visu vya kitimoto peke yake, na mtu asiyekula hatakiwi kutaniwa.

Bia: baridi, moto, na chupa tupu

Mhudumu atakuuliza: "Ya baridi au ya moto?" Ya moto ni ile ambayo haikuingia kwenye friji, na wapo wanaoipenda kweli, hasa wazee na wenye mafua. Angalia friji limeandikwa nini. Friji nyingi huletwa na kampuni za bia, na friji la kampuni moja hupewa bia za kampuni hiyo. Ukiona friji la kampuni ya TBL, bia zake za Kilimanjaro, Safari na Castle Lite zitakuwa baridi, na Serengeti ya kampuni nyingine inaweza kuwa imekaa kwenye kreti chini. Kunywa kinachouzika hapo, ndicho kipya na ndicho cha baridi.

Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, kila mara. Ikija imeshafunguliwa, irudishe kwa upole: "Dada, niletee nyingine uifungulie hapa." Hakuna mhudumu mzoefu anayekasirika. Ukienda choo, imalize kwanza au mwachie unayemwamini; ukirudi ukakuta haina mlinzi, iache.

Chupa tupu zibaki mezani au chini ya meza. Hizo ndizo daftari lako. Mhudumu akiziondoa kila mara ili "kusafisha", hesabu imebaki kichwani mwake tu. Njia nyingine ni kuweka vizibo mfukoni. Ukiwa mgeni wa baa, lipa kila raundi inapokuja; bili ya mwisho ni ya wanaojuana.

Ugomvi wa bili una vyanzo vinavyojirudia. Mmoja wenu amehama meza na chupa zake zimehesabiwa mara mbili. Rafiki ameagiza na kuondoka bila kusema. Au mhudumu amebadilisha zamu katikati. Akija kukwambia anafunga hesabu kwa sababu anatoka, mlipe: katika baa nyingi mhudumu huchukua bia kaunta kwa jina lake, na mteja akitoroka hukatwa yeye. Ndiyo maana pia mtu akihama meza bila kuaga anafuatwa mpaka mlangoni. Ukiridhika na huduma mwachie hela ya soda, 1,000 au 2,000. Haihesabiwi kwa asilimia.

Usiondoke na chupa ya kioo. Ni mali ya biashara, hurudi kiwandani kujazwa tena. Ukitaka ya njiani, nunua ya kopo au acha hela ya chupa.

Ofa

Chupa ikija mezani kwako hukuagiza, mhudumu akakuonyesha kwa kidevu aliyeituma, inua chupa kumshukuru ukiwa umeketi palepale. Huna deni la usiku huo, ila ukirudi baa hiyo akawepo, yako inayofuata ni yake. Kama hunywi zaidi, mwambie mhudumu airudishe kabla haijafunguliwa na umshukuru mtoaji kwa kusema umefika mwisho.

Anayekuja mezani na "bosi, nipooze koo" ni wa aina nyingine. Huyo anapiga mzinga, yaani anaomba umnunulie. Mpe moja kama unataka, ila ujue baa ndogo ina masikio, na ukitoa kwa wawili watakuja watano.

Vikali na vya kienyeji

Hesabu kidogo. Kilimanjaro ya mililita 500 yenye asilimia 4.5 ina mililita 22.5 za kilevi chenyewe. Safari ya ujazo huo yenye asilimia 5.5 ina 27.5. Konyagi, ambayo ni pombe kali, ina asilimia 35, hivyo mililita 200 zake zina 70, yaani zaidi ya Kilimanjaro tatu. Wengi wanaozimika mapema hawakunywa sana kwa idadi ya chupa, walichanganya. Kama unahamia kwenye Konyagi, simamisha bia, ongeza maji au soda kwa wingi, na chupa ya nusu lita ya maji iwe kati ya kila kinywaji na kingine.

Pombe kali inunue ikiwa chupa nzima iliyofungwa, na tazama stempu ya kodi ya kielektroniki kwenye kizibo. Programu ya Hakiki Stempu ya TRA inaisoma kwa kamera ya simu. Viroba, vile vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017, kwa hiyo anayekuuzia leo anakuuzia kitu kisicho na mwenyewe. Gongo, pombe kali ya kienyeji, usiionje hata kwa heshima ya mwenyeji. Ni haramu kisheria, na ikiwa na methanoli hupofusha na kuua.

Kilabu ni kizuri mchana. Tembo la mnazi, linalopatikana zaidi upande wa Mbagala na Kigamboni, huendelea kuchachuka tangu linapogemwa: asubuhi ni tamu, alasiri limekolea, usiku ni karibu siki. Nenda kabla ya saa 8 mchana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nawe onja kidogo kabla ya kulipia lita. Mbege, ya ndizi na ulezi, ni nzito na hushibisha; kula kidogo kabla yake.

Muziki

Bendi za dansi bado zina watu wake. Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, ilianza 1978. Ubishi wa nani zaidi haujaisha. Ukienda kusikiliza bendi, uliza kiingilio kinajumuisha nini, na usifike saa 1 ukidhani utakuta inapiga. Vyombo hufungwa na kujaribiwa kwanza, na nyimbo zenyewe hukolea baada ya saa 4. Kaa mbali na spika, karibu na wazee.

Muziki ukizimwa ghafla mapema, usimlaumu didjei. NEMC, baraza la mazingira, imewahi kufungia baa kwa kelele, na leseni ya vileo ina saa zake. Polisi wakiingia, kaa, zima ubishi, uwe na kitambulisho. Aliye chini ya miaka 18 asiwe mezani kwenu.

Kuondoka

Amua saa ya kuondoka kabla ya kutoka nyumbani na umwambie mtu. Gari lako liache. Dereva wa teksi ya programu ya simu muite ukiwa umeketi ndani, na toka akifika. Linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu, na muache yeye ataje jina lako. Bodaboda mchukue wa kijiwe cha baa hiyohiyo, anayejulikana na mhudumu, mpatane nauli kabla ya kupanda, na kofia ngumu uidai. Ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kujishikilia, bodaboda si usafiri, chukua bajaji.

Safari ya pili rudi baa ileile, siku ileile ya wiki, saa 10 au 11 jioni, ukamtafute mhudumu yuleyule. Nenda naye mpaka bucha. Safari hii muuza nyama atakutolea mguu uliokuwa nyuma.